Tulikuwa Rahisi

Jumatatu, tarehe tatu Novemba, 2025. Asubuhi hiyo joto la Maskati lilikuwa limeshalegea. Ukungu mwembamba ulikaa juu ya majabali ya Darsait, na upepo mdogo wenye unyevu uliingia jikoni kwa Thabit bin Amur kupitia dirisha ambalo tangu Aprili lilikuwa halijafunguliwa. Ilikuwa asubuhi ya kumshukuru Mungu. Thabit alikuwa amekaa mezani, chai yake ya maziwa inapoa, na simu inatetemeka mbele yake kama mdudu aliyeanguka chali.

"Si uipokee basi!" alisema mkewe, Bakhita, huku akigeuza chapati. "Inanitia wazimu."

"Waandishi hao. Tumefungwa nne bila, wanataka maneno."

"Nne bila! Na hao mnawaita wachezaji?"

"Mmoja wao mkweo, mama."

"Mkwe wangu hakufungisha. Wenziwe ndio waliofungisha."

Thabit alicheka kidogo, lakini hakuigusa simu. Alistaafu wizarani mwaka juzi, na kazi aliyoipata baada ya hapo alipewa na Kiswahili chake. Klabu ilimleta kocha kutoka Denmark, mtu aitwaye Torben Vestermark, ambaye ujanani aliishi Unguja na akaondoka huko akisema Kiswahili cha mitaani. Kiarabu hakukijua. Kiingereza alikijua vizuri, lakini waandishi nao walikijua, na mara mbili walimnasa kwa neno lililomtoka kabla hajafikiri. Kwa hiyo baada ya kila mechi alimnong'oneza Thabit kwa Kiswahili, na Thabit akayasema kwa Kiarabu mbele ya kamera. Wote wawili waliupenda utaratibu huo. Thabit aliingia Oman kutoka Unguja akiwa kijana wa miaka kumi na saba, Kiarabu akakiokota sokoni na kazini. Kusimama mbele ya kamera na kusikilizwa na nchi nzima lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kuliota.

Binti yao Noof alitoka chumbani amevaa abaya yake ya kwendea kazini. Alikuwa mwalimu wa Kiarabu wa skuli ya msingi. Alkhamisi ya wiki hiyo ilikuwa siku ya milka yake, ndoa ifungwe kati yake na Ayman, beki wa kati wa timu ile ile. Badala ya kusabahi aliweka simu yake mbele ya baba yake.

"Baba, sikiliza."

Kwenye kioo alikuwapo Thabit mwenyewe, kofia imemkaa upande, na pembeni yake mzungu mrefu mwenye mvi anamwinamia sikioni. Sauti ya kocha haikusikika. Iliyosikika ni ya Thabit, nzito na ya kujiamini: "Al-yom kunna rakhisin. La'ibini kanu rakhisin."

"Ee," alisema Thabit. "Ndivyo alivyosema. Leo tulikuwa rahisi. Wachezaji wangu walikuwa rahisi."

"Alisema kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili. Si ndivyo tunavyosema siku zote?"

"Na wewe ukasema rakhisin."

Thabit alimtazama bila kuona kosa liko wapi. Noof alivuta kiti akakaa, sauti yake imeshuka kama anavyozungumza na mwanafunzi anayemwonea huruma.

"Rahisi ya kitu kisicho na taabu, kwa Kiarabu ni sahl, Baba. Rakhis ni ile ya sokoni, ya bei. Sisi neno letu moja linabeba zote mbili. Lao halibebi. Na mtu ukimwita rakhis..."

Hakumaliza. Bakhita, mgongo wake bado uko kwao, ndiye aliyemalizia. "Mtu hana thamani. Hana heshima. Unaweza kumnunua."

Thabit alilijua neno lile. Amelitumia sokoni Matrah miaka na miaka akinunua samaki na vitambaa. Lakini jana, uwanja unapiga kelele, kichwa kimechoka, neno liliingia sikioni kwa Kiswahili likatoka mdomoni limevaa nguo ya Kiarabu, wala halikupita akilini. Alitaka kusema hivyo. Badala yake aliuliza, "Watu wangapi wameiona?"

"Skulini kwetu wote. Ayman kaniandikia tangu alfajiri. Anauliza kweli huyo mzungu anawaona hivyo. Sijamjibu."

"Usimjibu," alisema Bakhita.

Simu ya Thabit ikatetemeka tena. Safari hii jina lilikuwa la Muhanna, baba yake Ayman, Mwarabu wa bara ya ndani ambaye Kiswahili kwake kilikuwa kelele tu. Thabit aliipokea.

"Akhi Thabit!" Muhanna alikuwa akipiga kelele, lakini hakuwa akimgombeza yeye. "Nimekupigia kukushukuru. Mtu mwengine angelipaka sukari neno la yule ajnabi. Wewe umetufikishia kama lilivyo. Mwanangu hagusi mpira mpaka mtu yule apande ndege, na wazee wenzangu wote wamesema hivyo hivyo. Leo baada ya Alasiri tunakutana klabuni na Yaqdhan, mwenyekiti. Na Alkhamisi iko pale pale. Wallahi nimefurahi kupata mkwe mwenye ukweli."

Thabit alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa, "Allah yisalmak," Mungu akusalimishe, kama mtu anayepokea shukrani.

Alipoiweka simu chini, Bakhita alikuwa amesimama juu yake na mwiko mkononi. "Kasemaje?"

"Kanishukuru."

"Kakushukuru kwa lipi?"

"Kwa ukweli wangu."

Chapati ilianza kuungua, na hakuna aliyeikumbuka.

* * *

Noof alipokwenda kazini, mume na mke walibaki wawili. Thabit hakuweza kukaa. Alikwenda dirishani, akarudi, akafungua friji akaifunga.

"Basi nyamaza," alisema Bakhita. "Limeshapita. Yeye mwenyewe Muhanna kalipeleka kwa mzungu, hukulipeleka wewe."

"Mzungu watamfukuza."

"Kwani ndiyo mara yake ya kwanza? Si wewe uliyenambia kafukuzwa nchi nne? Atapanda ndege, atapata pengine. Noof atapata wapi Ayman mwengine?"

"Bakhita, yule hakusema."

"Na wewe hukukusudia! Mungu anajua nia yako." Aliketi, na sauti yake ikabadilika. "Thabit, wanawake wao walipokuja kuposa, mmoja aliniuliza nyumbani kwetu tunasali kwa Kiswahili? Alisema hivi hivi, anacheka. Na mimi nikacheka, nikamtilia haluwa. Nikajisemea, haidhuru, mwanangu anapendwa. Sasa leo wewe uende ukasimame mbele ya waume zao useme: samahanini, hatujui Kiarabu? Aliyemwita kijana wenu mtu wa bei rahisi ni baba mkwe?"

Thabit alichukua funguo za gari akaenda msikitini mapema, ingawa Adhuhuri ilikuwa bado. Alikaa nyuma, akajaribu kutulia. Ilipokimiwa sala akasimama pamoja na watu, akaomba kuongozwa njia iliyonyooka, huku moyo wake unatafuta uchochoro. Akatoa salamu bila kujua amesali nini. Akaisali tena peke yake.

* * *

Kocha Torben alikaa kwenye fleti ndogo Madinat Sultan Qaboos, nyuma ya maduka. Thabit alipofika alimkuta tayari yuko chini kivulini, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, nywele amezilaza kwa maji.

"Hamjambo, Thabit. Habari za Bi Bakhita?" Siku zote alianza na nyumba. Alifundishwa hivyo Unguja na hajaacha.

"Hatujambo, kocha. Ingia, tutachelewa."

Waliingia barabara kuu. Torben alikuwa mrefu hata magoti yake yaligusa dashibodi, na goti la kulia alilikandakanda kila gari iliposimama. Goti hilo ndilo lililomfanya kocha. Alizaliwa katika mji mdogo wa magharibi ya Denmark ambako, kwa maneno yake, upepo haujawahi kupumzika hata siku moja. Baba yake alitengeneza matrekta. Yeye alicheza mpira mpaka goti lilipokatika, akasoma ualimu wa michezo, na mradi wa skuli ukampeleka Unguja. Huko watoto walimwita Tobi Mrefu. Alifundisha timu ya mtaa, akaitoa daraja la tatu mpaka la kwanza, na hiyo mpaka leo ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Baadaye zikaja klabu za Visiwa vya Faro, Ufini, Malta, India. Kila mahali alifika na nguvu, akashinda kidogo, akafungwa, akafukuzwa. Mkewe Birgit, muuguzi, aliacha kumfuata baada ya Malta. Walipendana kwa simu, na likizo.

"Klabu wameniandikia," alisema Torben. "Mkutano, kwa sababu ya maneno yangu kwenye televisheni. Maneno gani? Nilisema nini mimi?"

Thabit alitazama lori lililokuwa mbele yao kama kwamba limeandikwa jibu. "Watu wamechukia kufungwa."

"Hiyo haki yao. Lakini wameandika maneno." Torben aligeuka kumwangalia. "Unajua, Thabit, mimi nimefukuzwa mara nne. Mara zote kwa kufungwa. Kufungwa ni kazi, leo wewe, kesho mimi. Kwa tabia sijafukuzwa hata mara moja. Nikitoka hapa nimeandikwa ana tabia mbaya, khalas, hakuna atakayeniita tena. Na Birgit ameshakata tiketi ya Disemba. Anataka kuona mahali nilipo kabla sijaondolewa." Alicheka mwenyewe. "Tangu Malta anasema hivyo."

Thabit alisema, "Inshallah kheri." Alilisema kama watu wanavyolisema wasipotaka kusema kitu.

* * *

Sabla ya klabu ilikuwa chumba kirefu chenye mito ukutani. Wachezaji walikaa upande mmoja, baba zao upande wa pili, na katikati sahani za tende na birika za kahawa ambazo hakuna aliyezigusa. Muhanna alimwona Thabit akainuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili mbele ya watu wote. Ayman, aliyekaa kando ya baba yake, alimtolea salamu bila kumtazama kocha.

Yaqdhan, mwenyekiti, alikuwa mtu wa maneno machache anayependa mambo yaende kwa utaratibu. Alisema kwa Kiarabu fasaha, taratibu, ili Thabit apate nafasi.

"Mwambie kuwa jana, mbele ya nchi nzima, aliwaita wachezaji wake rakhisin. Muulize anakubali au anakanusha."

Thabit aliinama kwenye sikio la kocha. Hapo ndipo mambo mawili yalipoachana. La jana lilikuwa kuteleza. Mtu huteleza, na Mungu humsamehe. Hili la leo alilipima. Alijua kuna namna ya kulisema kwa Kiswahili ambayo kocha angelielewa na kuruka juu: watu wasio na thamani, watu wa kununuliwa. Na alijua kuna namna nyengine.

"Wanasema jana uliwaita wachezaji rahisi," alinong'ona. "Wanauliza kweli?"

Torben aliwatazama wazee, akatikisa kichwa kukubali. "Kweli. Nilisema. Si tulikuwa rahisi? Magoli manne!"

Hapakuwa na haja ya mkalimani. Kichwa kilichokubali kilionekana na kila mtu. Ukumbi ukalipuka.

"Anakubali! Na anatabasamu!"

"Hana haya!"

"Leo hii apande ndege!"

Ayman aliinamisha uso. Baba mmoja alitupa kokwa ya tende sahanini kwa nguvu hata ikaruka. Torben aliwatazama mmoja mmoja, tabasamu likamfutika polepole. Aliamini anakielewa kilichotokea, kwa sababu alishawahi kukaa katika vyumba vya hasira nchi nne. Alisimama, kichwa chake kinakaribia panka, akaweka mkono kifuani.

"Thabit, waambie hivi. Waambie kosa ni langu. Vijana hawana kosa hata kidogo. Mimi ndiye niliyewapanga vibaya, mimi ndiye niliyewaacha wazi nyuma. Wakitaka kumkasirikia mtu, mtu ni mimi. Watoto wao wawaache. Waambie, tafadhali."

Kelele zilipungua. Wote walimgeukia Thabit kusubiri Kiarabu chake.

Mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mwengine. Thabit alikuwa amesema "mimi" ya kocha mara nyingi tangu Agosti: mimi nimefurahi, mimi nimeridhika, mimi sikubaliani na refa. Neno hilo lilikuwa halijawahi kumkwama. Alisimama naye. Akasema kwa Kiarabu, "Al-khata khatai. Kosa ni langu."

Aliposikia sauti yake mwenyewe ikitamka hivyo, akanyamaza. Yaqdhan akamwashiria aendelee.

"Kosa ni langu," alirudia Thabit.

"Tumesikia. Anasema kosa ni lake. Endelea."

"Siyo lake. Langu. Mimi, Thabit."

Mtu mmoja alikohoa. Muhanna alikunja uso kama aliyeguswa na mwanga. "Unasema nini, akhi?"

"Kocha hakusema rakhis. Alisema neno la Kiswahili, rahisi. Maana yake jana ilikuwa sahl kutufunga, basi. Hata sasa hivi nimemuuliza kwa neno lile lile, ndiyo maana amekubali. Nilijua atakubali." Jasho lilimtiririka chini ya kofia. "Rakhis ni neno langu. Kiarabu changu ndicho kilichowatukana watoto wenu."

Kutoka nyuma, upande wa wazee, mtu alicheka puani. "Zinjibari huyo," alisema. "Tangu lini tumempa maikrofoni?" Wawili watatu wakacheka naye. Thabit aliwasikia. Alikuwa amekimbia kicheko kile tangu ana miaka kumi na saba, na sasa kilipomfika alishangaa kuwa bado amesimama.

Muhanna hakucheka. Aliinuka akaja mpaka mbele yake.

"Neno nalisamehe," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya asubuhi. "Ulimi ni nyama. Lakini leo asubuhi nilikushukuru. Nilikushukuru, Thabit! Ukaniambia Allah yisalmak. Na hapa mlangoni nimekushika mkono kwa mikono yangu miwili, ukanipa."

"Nilikupa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa Alkhamisi."

Ayman alinyanyua uso. "Yubah," alimwambia baba yake taratibu, "ameshasema."

"Amesema ndani ya chumba! Aliponitukania mwanangu alikuwa ndani ya chumba?" Muhanna aliwageukia wazee. "Nchi nzima imelisikia lile. Hili watalisikia wangapi? Sisi na mito hii?" Akamrudia Thabit. "Alkhamisi hakuna milka. Simvunjii uchumba binti yako, binti yako hana kosa. Lakini siji nyumbani kwako na khutba ya ndoa wakati watu wangali wanamwona mwanangu kama ulivyomfanya."

Neno hilo lilimwingia Thabit mbavuni. Alimwona Bakhita, sahani za haluwa zilizokwisha agizwa, simu zitakazopigwa usiku huu kwa jamaa wa Sib na wa Sohar kuwaambia wasije. Alimwona Noof akiuliza mara moja tu, kisha asiulize tena.

Yaqdhan aligonga sahani kwa kijiko kuomba utulivu. "Ijumaa tuna mechi. Mpaka Ijumaa kocha yupo. Baada ya hapo halmashauri itatazama, na itatazama mpira wake, siyo maneno ambayo hakuyasema. Thabit, wewe una la kuongeza?"

Torben, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama na mkono wake kifuani, alimvuta kanzu. "Thabit. Wamesema nini? Kwa nini wanakutazama wewe?"

"Ngoja kidogo, kocha. Nakuja kwako."

Akasema bismillahi moyoni, na safari hii moyo haukutafuta pa kupita. Kisha akasema kwa Kiarabu chake, taratibu, kila neno akiligeuza kwanza kabla hajaliachia.

"Ijumaa, baada ya mechi, nitasimama mbele ya kamera ile ile. Sitasubiri kuulizwa. Nitasema jina langu na la baba yangu, na nitasema neno lile lilikuwa langu, na wachezaji hawa ni watu wa thamani, na kocha hakuwatukana. Binti yangu ni mwalimu wa Kiarabu, lakini hataniandikia. Nitasema mwenyewe. Atakayecheka, na acheke."

"Tushinde tusishinde?" aliuliza Muhanna.

"Mshinde msishinde."

"Hawa wote wamekusikia."

"Nataka wanisikie. Wawe mashahidi."

Upande wa wachezaji mtu akasema, "Tumesikia, ammi." Alikuwa Ayman. Wenziwe wakaitikia baada yake, mmoja mmoja, kisha wazee, na mwisho yule wa nyuma aliyecheka.

Hapo Thabit akamgeukia kocha, akainua uso kumtazama, maana alikuwa mrefu sana. Hakunong'ona. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia ingawa hakuna aliyeielewa.

"Kocha, jana wewe ulisema rahisi, mimi nikasema tusi. Leo umeniuliza ulisema nini, nikakuficha. Na hapa nimekuuliza kwa hila ili ukubali. Nimewaahidi hawa kuwa Ijumaa nitasema haya mbele ya watu wote. Na wewe nakuahidi mbele yao: neno lako nisilolijua kwa Kiarabu, nitasimama mbele ya kamera niseme silijui. Nitasema hivyo hivyo: wallahi, silijui."